UZI: Saa ya kwanza ya asubuhi, na namna nilivyoifundisha akili yangu kutulia kabla ya kazi

Mleta mada

Ndugu wana jukwaa, salaam. Mwangaluka kwa walioko Kanda ya Ziwa, na habari za asubuhi kwa wengine wote.

Jambo hili nimekaa nalo kwa muda mrefu kabla ya kuliandika, kwa sababu nilitaka kwanza kulijaribu mwenyewe hadi nijiridhishe kwamba si moto wa mabua. Ninaishi Kitangiri, hapa Mwanza, na kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, wengi wao wakiwa wanunuzi wa dagaa wanaofuata mzigo kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Ni kazi isiyouchosha mgongo, lakini inaidai akili yote iwe mahali pamoja. Anayefunga hesabu huku ana mawazo matatu kichwani atakosea, na kosa lake halitajitokeza siku hiyo. Litajitokeza mwisho wa mwezi, wakati mwenye mali amekwisha kugawa faida.

Mwaka jana niliandika mauzo ya shilingi 1,450,000 kuwa ni 1,540,000. Vitabu vikakataa kulingana kwa tofauti ya shilingi 90,000. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, jambo la kwanza kutafuta ni tarakimu mbili zilizopishana nafasi. Nami niliyekuwa nimetibuka hata hilo sikulikumbuka mpaka nilipokuwa nimepekua risiti kwa siku mbili. Nilipoiona tarehe nikaikumbuka asubuhi ile. Nilikuwa nimeshika simu nikiwa bado kitandani, nikasoma habari za mchango wa msiba kwenye kundi la ukoo, nikamjibu mteja mmoja aliyekuwa akilalamika, kisha nikaketi mbele ya daftari nikidhani kwamba nimeanza kazi. Mkono ulikuwa unaandika, lakini mwenyewe nilikuwa bado msibani.

Baadaye nilisoma kwamba hali hii imechunguzwa. Mtafiti aitwaye Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akiacha shughuli moja kabla haijaisha na kuingia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza, na kazi ya pili hufanyika kwa kiwango cha chini. Hali hiyo aliiita mabaki ya umakini. Ukiisoma simu kabla ya kazi, unaingia kazini ukiwa na mabaki ya mambo kumi, na hakuna hata moja uliloweza kulimaliza pale kitandani.

Lakini aliyenifungua macho hasa ni mzee mmoja anayeshona nyavu karibu na mwalo. Nilikuwa nikipita pale mapema kuchukua hesabu za mizigo, nami nikaanza kumtazama. Hufika kabla giza halijaisha vizuri. Kigoda hukiweka mahali palepale, hunawa mikono kwa maji ya kwenye kidumu, hufunga ncha ya wavu kwenye kigingi, kisha huingiza kidole gumba cha mguu katika tundu moja ili wavu ukazike. Baada ya hapo hashoni. Hupitisha vidole juu ya matundu, moja baada ya jingine, akiyahesabu kimyakimya mpaka afike palipochanika, na hapo ndipo anapoichukua sindano. Ukimsalimu kabla hajamaliza mstari wa kwanza, huitikia kwa kichwa tu; akishaumaliza huinua uso na kuwasalimu watu wote mmoja mmoja, kwa furaha kabisa, na kuwauliza habari za watoto.

Siku moja nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Mbona unahesabu kwanza wakati tobo unaliona?" Akaniambia kwamba mikono huwahi kufika kazini kuliko kichwa, na kwamba yeye huhesabu ili kukisubiri kichwa.

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na tangu hapo utaratibu wangu ni huu.

Huanza jioni. Kabla ya kufunga daftari ninaandika kwenye kipande cha karatasi jambo la kwanza la kesho, tena kwa ukamilifu: kitabu cha nani, ukurasa upi, risiti ipi. Siandiki "kuendelea na hesabu", kwa sababu maneno hayo yananilazimu kufikiri upya asubuhi, na hapo ndipo akili hupata upenyo wa kutoroka. Karatasi hiyo ninaiweka juu ya daftari, kalamu juu ya karatasi. Simu ninaiacha jikoni.

Ninaamka saa 11:30 alfajiri. Siketi kazini mara moja, kwa kuwa yale mang'amung'amu ya usingizi ni hali halisi ya ubongo; kwa watu wengi huchukua kama nusu saa kuisha, na mara nyingine hata zaidi. Zamani niliyaita uvivu nikajilaumu bure. Ninakunywa maji, ninachukua ufagio wa chelewa na kufagia uwanja. Kwetu uwanja umejaa mawe, kama mnavyoijua Mwanza, hivyo kufagia ni kuzunguka jiwe kwa jiwe, na mwendo wake ni wa polepole bila kutaka. Wakati huo ziwa linakuwa limetulia kama maji ya kwenye sinia, kwa sababu upepo unaovuma kutoka ziwani kuja nchi kavu huanza baadaye, ardhi ikishapata joto.

Hapa niongeze jambo ambalo wengi hatulitilii maanani. Saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, lakini sisi tuko magharibi, hivyo jua hutuchomozea kama dakika 25 baada yao. Kulingana na majira ya mwaka, Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi. Anayetaka kuamka na mwanga, basi, asijilinganishe na ratiba za watu wa Pwani. Mimi hukusudia kuwa nje pale mwanga unapoingia, kwa sababu mwanga wa asubuhi ukipita machoni ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza.

Baada ya hapo ninakunywa chai ya rangi nikiwa nimeketi. Kisha ninaingia kwenye meza, ninavuta pumzi polepole mara kumi, kila moja ikichukua kama sekunde kumi kuingia na kutoka, na ninajumlisha kwa mkono safu moja ya ukurasa wa jana ambayo jibu lake ninalo tayari. Hayo ndiyo matundu yangu ya kuhesabu. Jibu likilingana, ninaisoma ile karatasi ya jana jioni na kuanza.

Tangu kuamka hadi kuanza, utaratibu huu hauchukui muda mrefu. Ninaamini kwamba nguvu yake haitoki kwenye chai wala ufagio, bali inatoka katika mpangilio usiobadilika, ambao mwisho wake ni mlango wa kazi wenyewe. Zamani nilikuwa na asubuhi nzuri tu, yenye mazoezi na kusoma, lakini baada ya hayo yote niliishika simu, na kila kitu kikamwagika. Ningependa kusikia wenzangu mnafanyaje.

Mchangiaji wa kwanza

Assalaam alaykum, ndugu mleta mada. Nimesoma kwa makini, nami nakubaliana nawe kuhusu mpangilio. Kwetu sisi Waislamu jambo hili lipo tangu utotoni. Udhu una utaratibu wake: uso, mikono hadi viwikoni, kupaka maji kichwani, miguu hadi vifundoni, na kabla ya yote kuna nia, ambayo mahali pake ni moyoni. Adhana ya Alfajiri ina maneno yasiyomo katika adhana za sala nyingine, kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Nakiri kwamba siku niliyoswali Alfajiri kwa utulivu huwa tofauti dukani kwangu hadi adhuhuri.

Hata hivyo naomba tuwe waangalifu. Nimeona siku hizi watu wanaihesabu sala miongoni mwa mbinu za kuongeza tija, pamoja na maji ya limau na kukimbia. Mimi siswali ili mauzo yaende vizuri. Utulivu unaokuja baada yake ni neema, wala si bei niliyoilipia.

Mleta mada

Waalaykum salaam, kaka. Nimelipokea, tena kwa moyo mkunjufu. Mimi ni Mkristo, na nina sala yangu ya asubuhi ambayo sikuiandika hapo juu kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja: sikutaka kuiorodhesha pamoja na ufagio na chai. Naiswali kabla sijatoka nje, na kisha ndipo utaratibu wa kazi unaanza. Nadhani kuvitenganisha hivi viwili ni heshima kwa vyote viwili.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni muuguzi wa zamu. Kwa mwezi ninakuwa na usiku mwingi ambapo "asubuhi" yangu ni saa 11 jioni. Je, mambo haya ya mwanga na ziwa lililotulia yananihusu vipi?

Mleta mada

Dada yangu, pole na kazi, na swali lako ni la haki. Mpangilio unakuhusu wote. Jua ndilo lenye shida. Saa ya mwili ipo kweli, hadi kwenye chembe hai zenyewe. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walitunukiwa Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga, ndiyo maana jua la saa 2 asubuhi unapotoka zamu linauambia mwili wako uamke wakati wewe unakwenda kulala. Wanaoshauri watu wa zamu husema kwamba uvae miwani ya jua au kofia yenye ukingo njiani, ulale kwenye chumba kilichofunikwa pazia zito, na uwashe taa kali unapojiandaa kuingia kazini. Chai nzito na kahawa ziwe mwanzoni mwa zamu, kwani baada ya takriban saa tano nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini.

Mchangiaji wa pili

Asante sana, kaka. Nikifikiria vizuri, tayari ninao mstari wangu wa kwanza: kunawa mikono kabla ya kuingia wodini, halafu kusoma ripoti ya makabidhiano nikiwa nimesimama, kitanda kwa kitanda, kabla sijazungumza na mtu. Sikuwahi kuupa jina.

Mchangiaji wa tatu

Naomba mniwie radhi nikisema wazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninakaa Mabatini kwenye vyumba viwili, na ni fundi cherehani. Kila nikisoma habari za asubuhi ya utulivu, najiuliza ni nani aliyekuwa anawaandaa watoto wakati mwandishi anavuta pumzi mara kumi. Asubuhi yangu ni uji, sare, kiatu kimoja kisichoonekana, ndoo za maji, na mtoto wa mwisho ambaye halii mpaka nimshike mwingine. Nikimaliza hayo ndipo ninakimbilia kibandani, wateja wakiwa wameshafika. Juzi nimekata mikono miwili ya shati, yote ya upande mmoja. Kitambaa kilikuwa cha mteja, nami nikalazimika kukinunua upya kwa fedha ya chakula. Siandiki ili nionewe huruma. Ninaandika kwa sababu ninautaka huo utulivu kuliko mtu yeyote hapa, lakini sioni pa kuuweka.

Mleta mada

Dada, umenisimamisha, na sina budi kukujibu kwa ukweli. Wakati mimi ninafagia, mke wangu ndiye anayewaamsha watoto wetu. Niliandika uzi mzima bila kulitaja hilo, na halikuwa jambo dogo la kuachwa. Nimezungumza naye jana usiku, na tumekubaliana kwamba siku tatu za wiki watoto ni wangu, na utaratibu wangu utaanza baada ya wao kuondoka.

Kuhusu kwako, nakuomba ufikirie jambo moja. Yule mzee wa nyavu haanzi utaratibu wake nyumbani. Sijui nyumbani kwake kukoje. Huenda nako kuna wajukuu wanaolia. Utaratibu wake huanza pale anapokiweka kigoda chini. Pengine na wewe wakati wako si ule wa nyumbani, bali ni zile dakika tano za kwanza kibandani, kabla hujapokea kitambaa cha mtu. Chagua vitendo vitatu vya mikono ambavyo tayari huvifanya, vipange kwa utaratibu uleule kila siku, na usimpokee mteja kabla havijaisha. Watazoea, kama sisi tulivyomzoea mzee.

Mchangiaji wa nne

Salaam, wakuu. Mimi nina mtumbwi wa dagaa, upande wa Igombe. Nataka kuchangia juu ya neno hili "kila siku", kwa sababu sisi hatuna kila siku. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa ndipo hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haufui dafu, hivyo kila mwezi kuna siku kadhaa tunakaa nchi kavu, tunatengeneza nyavu na kupumzika. Nimesikia watu wakisema mazoea hujengwa kwa siku 21 mfululizo. Kwa hesabu hiyo mvuvi wa dagaa hatajenga mazoea maisha yake yote.

Lakini mazoea tunayo. Usiku wa kwanza wa kurudi majini, kila mtu mtumbwini anajua zamu yake: mmoja anakagua taa moja moja na betri zake (zamani zilikuwa karabai, na kazi ilikuwa kupiga pampu), mwingine anakunja kamba, mimi ninahesabu watu na maboya ya kujiokolea. Hakuna soga mpaka tumeondoka ufukweni. Vijana wapya wanadhani ni ukali wangu. Siyo ukali. Ziwa letu lina tabia ya kuleta radi na dhoruba usiku, wakati mwingine bila kutoa taarifa, na ninataka kila kichwa kiwe kimefika kabla hatujafika kwenye kina. Baada ya mapumziko ya mwezi mpevu, inatosha kuishika ile taa ya kwanza tu, na mwili unakumbuka mengine yote.

Mleta mada

Mkuu, mchango wako umenifurahisha sana, na una ushahidi nyuma yake. Zile siku 21 hazina msingi. Utafiti unaotajwa zaidi katika jambo hili ulifanywa na Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ukachapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kufanya kila siku baada ya tukio fulani, kwa mfano kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kufanyika lenyewe bila kujisukuma, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254, hizi za mwisho zikiwa makadirio kwa kuwa utafiti wenyewe ulikoma wiki ya 12. Na waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea.

Nilipoanza mimi, wiki ya tatu niliugua malaria nikalala siku nne. Kwa hasira nilitaka kuuacha mpango wote. Ningekuwa nimekusoma wewe wakati ule, ningejua kwamba kinachobeba mazoea ni ile taa ya kwanza. Kwangu ni ufagio. Nikishauweka mkononi, yanayofuata hujifuata.

Mchangiaji wa tatu – mrejesho

Ndugu zangu, nimerudi na mrejesho, na hizi ni wiki saba tangu niandike hapa.

Nilichagua vitendo vitatu. Nikifungua kibanda, ninafuta cherehani kwa kitambaa kikavu, kuanzia gurudumu hadi kwenye sindano, na kuitia tone moja la mafuta. Kisha ninashona mstari mmoja kwenye kipande cha kitambaa chakavu, na ninautazama uzi wa juu na wa chini kama umekaa sawa. Tatu, ninavitandaza vitambaa vyote vilivyokatwa jana, ninaviweka kimoja kimoja, mkono wa kulia upande wa kulia, wa kushoto upande wa kushoto, na ninavihesabu kwa kuvigusa. Simu inakaa kwenye droo pamoja na futi ya akiba. Kwa saa yangu yote haifiki dakika kumi.

Wiki ya kwanza wateja walinuna. Mama mmoja alisema nimeanza kuringa. Nikamwambia, "Dada, karibu ukae kwenye benchi, ninakuja sasa hivi," na nikaendelea kuhesabu, ingawa moyo ulinidunda. Sasa huyohuyo ndiye anayewaambia wengine wasubiri. Siku mbili nilifika nikiwa nimechelewa sana nikaruka vitendo vyote, na siku hizo nilifumua nilichoshona. Nimeziandika kwenye kalenda ya ukutani ili nisijidanganye.

Nyumbani bado ni kelele zilezile, na kile kiatu bado hakionekani. Lakini nikilishika lile kopo la mafuta, kuna kitu kinashuka mabegani. Leo kabla ya adhuhuri nimemaliza mashati manne ya sare za shule, na mikono yote minane imekaa upande wake.